Kutotolesha mayai ya kuku nyumbani huku visiwani, mwongozo kamili (na habari ya maji yanayouwa vifaranga)

Ndugu zangu, hii ni ndefu, ila mtu akiisoma yote akaifuata naamini hatozika vifaranga kama nilivyozika mie.

Mashine yangu ya mwanzo niliitengeneza hapa Wete, Pemba, kwa boksi la fomu, lile wanalotilia samaki na barafu. Nikatia mayai 36 ya kuku wa kienyeji, nikafuata maelekezo niliyopewa na jamaa mmoja anaefuga bara, sehemu kavu, kwamba sinia ya maji ikae chini muda wote na isikauke hata siku moja. Basi kila asubuhi nikitoka kusali nakwenda kuijaza. Siku ya 21 wakatoka wanne. Wanne tu. Yaliobaki nikayasubiri mpaka siku ya 24 kisha nikayapasua uani moja moja, na ndani sikukuta mayai viza, nilikuta vifaranga kamili, wana manyoya, wana kucha, wamelowa chapachapa, shingo zimevimba, wengine wamekufa na mdomo ushagusa ganda. Iliniuma sana, mana walikua vizuri wote wale siku 20 halafu wakafa mlangoni.

Kilichowaua ni maji. Na hili ndo jambo kubwa ninalotaka watu wa Pemba na Unguja walijue kabla ya kununua hata msumari mmoja, kwa sababu maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa kwa ajili ya watu wa sehemu kavu.

Iko hivi. Yai linapoatamiwa lazima lipoteze maji kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, na nafasi ya hewa ilioko upande wa butu inazidi kuwa kubwa, ile ndo chumba ambacho kifaranga atavutia pumzi yake ya mwanzo kabla ya kutoboa ganda. Yai likikaa kwenye unyevu mwingi halipotezi maji, chumba kinabaki kidogo, kifaranga anavimba, anakosa nafasi ya kujigeuza, anakufa amelowa. Kwa siku 18 za mwanzo unyevu unaotakiwa ndani ya mashine ni kama asilimia 45 mpaka 50, siku 3 za mwisho unapanda mpaka 65 au 70. Sasa hewa ukiipasha moto asilimia ya unyevu inashuka, na hapa ndo hesabu ya visiwani inapotofautiana na ya kwengine. Hewa ya chumbani yenye nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, ambayo kwetu ni siku ya kawaida tu, ukiipasha mpaka nyuzi 37.5 bila kuongeza hata tone la maji inakuwa na unyevu wa kama asilimia 47. Yaani ishafika pale pale panapotakiwa! Mtu wa Dodoma wakati wa ukavu, chumba nyuzi 22 na unyevu asilimia 50, akipasha yake inashuka mpaka 20 tu, kwa hivyo yeye sinia ya maji lazima aweke. Mimi nikiweka ile ile naenda 65 mpaka 70 kuanzia siku ya mwanzo, na huko ndo kuzamisha vifaranga.

Kwa uzoefu wangu wakati wa kaskazi na wakati wa masika situmii maji kabisa siku 18 za mwanzo. Wakati wa kusi, miezi ile ya sita mpaka ya tisa upepo unapokuwa mkavu na usiku kuna baridi, chumba kikiwa nyuzi 25 na unyevu 75 ndani ya mashine unapata kama 37 hivi, hapo naweka kikombe kimoja kidogo cha chai, basi. Ila usinifuate mie wala usimfuate mtu mwengine yoyote, lifuate yai lenyewe, na namna ya kulifuata ntaeleza kwenye mizani huko chini.

Mayai ya kuweka

Mayai ya dukani yale ya trei sahau. Kuku wa mayai wa kisasa hawawekwi na jogoo, kwa hivyo hata uyaatamishe mwezi mzima hamna kitu. Chukua kwa kuku wako mwenyewe au kwa mtu unaemjua, jogoo mmoja kwa mitetea 8 mpaka 10, na jogoo akae nao wiki mbili kabla hujaanza kukusanya.

Chagua mayai ya ukubwa wa wastani. Makubwa kupindukia mara nyingi yana viini viwili, madogo sana yanatoa vifaranga dhaifu, yenye ganda la chokaa chokaa au ufa hata mdogo kama unywele weka pembeni ukakaange. Yakiwa machafu sana pia usiweke, na tafadhali usiyaoshe. Ganda lina utando wake wa asili unaozuia vijidudu, ukiosha kwa maji baridi utando unaondoka na uchafu unanyonywa ndani. Uchafu mdogo usugue kwa dodoki kavu. Dawa hasa ya mayai machafu ni kiota kisafi, tia usumba mkavu au mapumba ya mpunga na ubadilishe kila wiki.

Kuyaweka kabla ya kuatamisha, vitabu vinasema nyuzi 13 mpaka 18 na unaweza kukaa siku 7. Nani kwetu ana chumba cha nyuzi 15? Friji ni baridi mno, na chumba chetu cha nyuzi 29 ni moto mno, mana kuanzia kama nyuzi 25 hivi kiini kinaanza kukua pole pole kisha kinasita, kinakua, kinasita, mwisho kinakufa na wewe hujakiona. Kwa hivyo huku kwetu mie nasema siku 4, zikizidi 5, na wakati wa joto la mwezi wa pili ni siku 3. Yaweke sehemu ya chini penye baridi, mvunguni kwenye saruji panafaa, ncha ichongoke chini na butu juu, na kila siku yainamishe upande mmoja mmoja. Kama kuku wako ni wachache na hupati mayai ya kutosha kwa siku 4 ni bora utotoleshe machache kuliko kusubiri trei ijae.

Kama mayai umeyaagiza Unguja yakaja na boti mpaka bandari ya Mkoani huku Pemba, kisha yakapanda daladala na barabara ile, usiyatie kwenye mashine siku hiyo hiyo. Yatulize usiku mzima ncha chini ili chumba cha hewa kirudi pahala pake, nishaona watu wanaruka hapa kwa haraka wakapoteza nusu.

Kuku au mashine?

Kama mayai hayazidi 12 na una koo anaetaka kuatamia, kuku ni bora kuliko mashine yoyote, na nasema hivi japokuwa mashine naipenda. Kuku hapungukiwi na umeme. Mtengee pembe ya giza kidogo, kapu au boksi lenye usumba, muweke usiku, mtilie mayai 10 mpaka 12 kwa mwili wake. Kabla hujamuweka mkague utitiri na viroboto chini ya mbawa, tia majivu na majani makavu ya mwarobaini kwenye kiota, kuku akiliwa na wadudu atanyanyuka na kuyaacha. Chakula mpe punje, mahindi au mtama, na maji karibu. Atanyanyuka mara moja kwa siku robo saa hivi, usimfukuze arudi, mwenyewe anajua.

Kitu kimoja kizuri sana: ukiwa na makoo matatu yanayokaribiana kuatamia, yule wa kwanza mzuie kwa yai moja la uongo mpaka wenzake waingie, kisha wote uwawekee siku moja. Wakitotoa, vifaranga wote uwape wawili, yule wa tatu anarudi kutaga mapema.

Sasa wengi mmekuja kwa ajili ya mashine, twende.

Kutengeneza mashine ya boksi

Unahitaji boksi la fomu au kuli boksi kuukuu, globu mbili za zamani zile za waya zinazotoa joto (za LED hazifai, hazina joto), themostati, feni ndogo ya kompyuta, themomita na kipima unyevu, waya wa chandarua cha kuku, na kioo kidogo au plastiki ngumu ya dirishani ili usiwe unafungua kila saa. Globu mbili za wati 40 zinatosha boksi la mayai 40. Nasema mbili kwa makusudi, moja ikiungua usiku ya pili inabeba.

Themostati ya bei nafuu inayopatikana sana ni ile kibao kidogo chenye namba nyekundu, W1209, ya volti 12. Hii ina mambo mawili yanayowaponza watu. La kwanza, ikitoka kiwandani imewekwa kwa ajili ya kupoza na sio kupasha, kwa hivyo ingia kwenye mpangilio wake unaoitwa P0 uibadilishe iwe H, yaani kupasha. La pili, P1 yake imewekwa 2, maana yake joto litapanda na kushuka kwa nyuzi 2 nzima kabla haijafanya kazi, kwa mayai hiyo ni nyingi mno, ishushe mpaka 0.2 au 0.3. Na kama inasoma tofauti na themomita yako ya kuaminika sahihisha kwenye P4. Upande wa umeme wa 220 mwite fundi umeme akufungie, soketi za globu zisiguse fomu, na juu ya globu weka bati au kopo liliotobolewa, mana kifaranga akitoka anakimbilia mwanga na anaungua, na fomu ikikaribia globu inayeyuka.

Feni ikae inapuliza muda wote, isizimwe na themostati. Toboa matundu manne ya ukubwa wa kidole chini na manne juu, yai linavuta pumzi, msilizibe boksi kama mtungi wa gesi.

Joto: yenye feni nyuzi 37.5, ukicheza baina ya 37.3 na 37.8 sawa. Isio na feni joto la juu na la chini linatofautiana, kwa hivyo pima usawa wa mgongo wa yai na uweke 38.5. Themomita ikae pale yalipo mayai, sio kwenye mfuniko.

Kabla hujatia yai hata moja hakiki vipimo vyako, hapa usione uvivu. Themomita itie kwenye maji ya vuguvugu pamoja na ile themomita ya homa ya watoto, zisome sawa. Kipima unyevu kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na kifuniko cha soda chenye chumvi ilioloweshwa kidogo iwe kama uji mzito, kifunge, kiache masaa 8 mpaka 12, kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 82 ujue kinazidisha 7, andika juu yake kwa kalamu. Hivi vipima vya bei rahisi vingi vinadanganya na ndo maana watu wanaapa kuwa unyevu wao uko sawa.

Iwashe tupu siku nzima na usiku wake, uione inavyokwenda alasiri joto likiwa kali na alfajiri ikiwa baridi. Isimame chumba kisichopigwa jua wala upepo wa dirisha.

Siku ya 1 mpaka ya 18

Andika kwenye kila yai X upande mmoja na O upande wa pili, kwa penseli, wino usitumie. Yaache mayai yapate joto la chumba kisha yatie jioni, ili siku ya 21 wengi watoke mchana na wewe uko macho.

Kabla ya kuyatia, yapime. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Hii ndo siri yangu yote kwa kweli. Chukua mayai 10 uyapime pamoja, tuseme yamefika gramu 450. Mpaka siku ya 18 yanatakiwa yapoteze kama asilimia 12, yaani kama gramu 3 kwa siku kwa mayai hayo 10. Siku ya 7 yasome karibu na 429, siku ya 14 karibu na 408, siku ya 18 karibu na 396. Kama siku ya 7 yanasoma 440, unyevu umezidi, ondoa maji yote na ufungue matundu zaidi. Kama yanasoma 418 yanakauka, ongeza kikombe cha maji. Kwa njia hii hata kipima unyevu kikifa huna wasiwasi, na haijalishi uko Konde au Makunduchi, wakati wa masika au wa kusi, yai lenyewe linakwambia. Nilipoanza kupima, mzunguko wangu wa mwezi wa nne sikutia maji mpaka siku ya 18 na kati ya 36 wakatoka 29.

Kugeuza: mara 3 au 5 kwa siku, iwe namba witiri, ili upande unaolala usiku mrefu ubadilike kila siku, leo X kesho O. Wiki ya mwanzo usikose hata siku moja mana ndo wakati kiini kinaweza kugandana na ganda. Mikono iwe safi, usije umetoka kupaka mafuta ya nazi ukashika mayai, mafuta yanaziba vitundu. Kama una trei ya kugeuza yenyewe nyuzi 45 kila upande, alhamdulillah.

Kumulika nako kufanye siku ya 7, ya 14 na ya 18, usifanye kila siku kwa hamu. Usiku, zima taa, chukua tochi ya simu na kipande cha boksi ulichotoboa tundu la ukubwa wa shilingi, simamisha butu ya yai juu yake. Siku ya 7 yai lililo hai lina doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kama buibui, ukitulia unaona linacheza. Likiwa mwanga mtupu halikuwa na mbegu. Likiwa na duara jekundu la damu bila mishipa, lilianza likafa. Hayo mawili yatoe, mana yakiachwa mwisho yanaweza kupasuka na harufu na vijidudu vyake vinaenea kwa wenzake. Siku ya 14 karibu yai zima ni giza isipokuwa chumba cha hewa, kizungushie mstari wa penseli. Siku ya 18 ukingo wa chumba unakuwa umepinda kama kilima na mara nyingi unaona kivuli kinasukuma.

Bibi yangu hakuwa na tochi. Akilichukua yai akiliweka kwenye kope ya jicho anasema hili hai, hili limekufa, na akikaribia siku ya 20 anayatia kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, yenye kifaranga hai yanatikisika. Ile ya kope ina ukweli wake, mafundi wa Misri wa matanuri ya kutotoa mayai pia wanapima joto kwa kope. Ile ya bakuli mie siitumii, yai likiwa lishadonolewa hata kidogo maji yanaingia.

Umeme ukikatika

Unguja wanakumbuka kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu hakuna umeme, na ule wa 2008 kabla yake. Siku hizi sio hivyo ila masaa mawili matatu yapo. Usibabaike na kikubwa usifungue boksi. Yai linavumilia kupoa kuliko linavyovumilia moto, masaa kadhaa kwenye chumba chetu cha nyuzi 28 halifi, litachelewa tu kutoka. Nyuzi 40 na zaidi kwa masaa machache ndo zinauwa. Funika boksi kwa blanketi ukiacha matundu wazi, na ikizidi masaa 3 weka pembeni ya mayai chupa mbili za maji ya moto uliyoyafunga kwa kitambaa. Kibatari au mkaa ndani ya boksi ni haramu kabisa, moshi unauwa wote. Baada ya siku ya 18 vifaranga wanatoa joto lao wenyewe, kwa hivyo hapo ogopa zaidi kuwakosesha hewa kuliko baridi.

Mwenye sola afunge globu za breki za gari, volti 12 wati 21, pembeni ya zile za umeme. Moja inakula kama ampea 2, betri ya 100Ah ukiitumia nusu tu inakuvusha siku nzima. Mimi nimehamia huko moja kwa moja na nalala usingizi.

Siku ya 18 mpaka ya 21

Acha kugeuza. Yalaze ubavu juu ya waya wenye kitambaa cha kukwaruza, gunia safi au taulo kuukuu, usitumie gazeti tupu mana kifaranga anateleza na miguu inatanuka huku na huku akawa kilema. SASA ndo weka maji, unyevu upande 65 mpaka 70, ili utando wa ndani usikauke ukamkaba anapotoka. Kinachoongeza unyevu ni upana wa maji na sio kina, kwa hivyo sinia pana yenye maji kidogo na sponji ndani yake inashinda ndoo. Pitisha mrija kutoka nje uongezee maji ya vuguvugu bila kufungua. Matundu yaachwe wazi yote, pumzi inahitajika zaidi.

Kisha usifungue. Najua ni vigumu, unasikia vinalia ndani ya ganda, ila ukifungua unyevu unatoka wote kwa mara moja na wale walioanza kutoboa utando wanakaukiwa nao.

Kifaranga kwanza anatoboa ndani, kwenye chumba cha hewa, ndo unasikia sauti. Baadae anadonoa ganda, unaona ufa kama nyota. Hapo anapumzika, na kupumzika huku kunaweza kuwa masaa 12 mpaka 24, watu wengi ndo wanapoharibu, wanaona kachoka wanamsaidia. Hajachoka, bado anavuta damu ilioko kwenye mishipa ya utando na kumalizia kiini kuingia tumboni. Ukimbandua hapo anatoka damu na anakufa mkononi mwako. Akimaliza anazunguka ganda kama anaefungua kopo na anatoka kwa dakika chache. Namsaidia tu yule aliyepita masaa 24 tangu adonoe na utando umekauka rangi ya kahawia umemgandama, namlowesha kwa maji ya vuguvugu na pamba, nabandua kidogo kidogo upande wa butu, nikiona damu naacha namrudisha.

Wakitoka waache humo mpaka wakauke na kuwa kama pamba. Wana kiini tumboni, masaa 48 wanakaa bila kula wala kunywa, kwa hivyo hakuna haraka.

Ndege wengine njia ni hiyo hiyo, siku tu ndo tofauti: kware 17 au 18, kanga 26 mpaka 28, bata mzinga 28, bata wa kawaida 28, na wale bata wenye nyama nyekundu usoni 35. Siku 3 za mwisho ndo maji.

Wakishatoka

Boksi jengine lenye mapumba, globu upande mmoja ili mwenye joto ajitenge, nyuzi 33 mpaka 35 wiki ya kwanza, ushushe kama nyuzi 3 kila wiki. Waangalie wao: wakirundikana chini ya globu wana baridi, wakikimbilia pembeni na midomo wazi wana moto, wakitawanyika wakila ni sawa. Kila mmoja mchovye mdomo kwenye maji mara moja ajue kunywa, na kwenye chombo tia vijiwe wasizame. Chakula stata ya vifaranga.

Ukiwa na koo aliyekuwa anaatamia, usiku muingizie chini ya mbawa vifaranga wa mashine, asubuhi atawaita wote wake. Ila koo na vifaranga wadogo uani bila wavu ni kuwalisha kunguru, wale wa Bara Hindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na mpaka leo hawana huruma. Wiki 4 za mwanzo wafungie.

Chanjo ya mdondo, wengine mnaita kideri, ulizia kwa bwana mifugo wa shehia yenu mapema kabla hata hawajatotolewa, mana chupa moja ni ya kuku wengi, mnaweza kuchangia na jirani. Ile ya I-2 ni tone moja jicho moja, wiki ya kwanza, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Ibebe kwenye barafu hata kama inavumilia joto kidogo kuliko nyengine.

Yaliobaki usiyatupe kabla hujayapasua

Siku ya 23 yatoe uyapasue, mbali na nyumba kwa ajili ya harufu, na uandike. Mengi meupe bila kitu, tatizo jogoo au mayai yalikaa sana. Duara za damu, yalikaa kwenye joto kabla au wiki ya mwanzo moto ulipanda. Kama waliotoka walitoka siku ya 19 na vitovu havijafunga, moto ulizidi, wakitoka siku ya 23 moto ulipungua. Vifaranga kamili wamelowa na wamevimba, maji. Vifaranga kamili wamekauka na utando umewakaza kama karatasi, unyevu ulipungua au mlikuwa mnafungua fungua. Kisha osha boksi kwa sabuni na maji yenye jiki kidogo, lianike juani siku mbili, penseli na mizani viweke pamoja nalo, na mayai mapya anza kukusanya siku ya tatu.